Je, wajua kwa nini lenzi ya milimita 50 ina bei nafuu kuliko ya milimita 24?

Ukianza kutafuta lenzi ya pili ya kamera yako ya DSLR, orodha ya bei itakuonyesha jambo la kushangaza. Chukua lenzi mbili za Nikon zisizovuta picha karibu, zote za f/1.8, yaani zote zinapitisha mwanga kwa kiwango kimoja. Ya milimita 50 ilitoka mwaka 2011, ikaanza kuuzwa Marekani kwa dola 220 hivi. Ya milimita 24 ilitoka mwaka 2015 kwa dola 750. Hata uzito haulingani: ya kwanza ina gramu 185, ya pili gramu 355. Ndani ya ile ya 50 kuna vipande 7 vya kioo, na ndani ya ile ya 24 kuna vipande 12.

Mnunuzi mgeni huamua haraka: hii ya bei ndogo ni ya kujifunzia, ile ya bei kubwa ndiyo ya kazi. Nimewasikia vijana wengi wanaopiga picha za harusi wakisema hivyo, na inaniuma, kwa sababu wapo wanaodunduliza fedha muda mrefu wakisubiri lenzi kubwa, huku ile ambayo ingewatoa gizani ukumbini ikiwa dukani kwa bei wanayoimudu. Tofauti hiyo ya bei haitokani na uzuri wa picha. Inatokana na kitu kimoja kilichomo ndani ya kamera yenyewe.

Toa lenzi, kisha chungulia kwenye mdomo wa kamera. Utaona kioo kidogo, kama cha kujitazama, kimelala mshazari, kwa nyuzi 45. Hicho ndicho kinachoipeleka picha juu hadi kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka juu, shata (pazia la ndani) inafunguka, sensa (kibamba kinachonasa picha) inapokea mwanga, kisha kioo kinarudi mahali pake. Ule mlio wa "klak" unaoutambua hata ukiwa umefumba macho, sehemu yake kubwa ni kioo hicho kikipanda na kushuka.

Kioo kinachoruka kinahitaji nafasi. Kwenye DSLR za Nikon, kutoka kwenye bangili ya chuma ambapo lenzi hufungwa hadi kwenye sensa kuna milimita 46.5. Kwenye Canon ni milimita 44. Ndani ya nafasi hiyo kioo kinapanda na kushuka, na lenzi haina ruhusa ya kuingiza mkia wake humo ikaja kugongwa.

Sasa fikiria ile namba iliyoandikwa kwenye lenzi. Lenzi nyepesi kabisa, ya kipande kimoja cha kioo, ukiielekeza kwenye kitu cha mbali sana kama mwezi, huchora picha kali nyuma yake kwa umbali ule ule wa namba yake. Ya milimita 50 huichora milimita 50 nyuma. Ya milimita 24 huichora milimita 24 tu nyuma, na hapo ndipo kioo kinapopita. Kwa hiyo ya 50 inakaa mahali pake bila kulazimishwa sana, na fundi wa lenzi anaweza kutumia mpangilio wa kale unaojulikana vizuri. Mpangilio huo chimbuko lake ni Planar, lenzi ambayo Paul Rudolph aliibuni mwaka 1896 akiwa Zeiss huko Ujerumani: vipande sita vya kioo, vitatu mbele na vitatu nyuma ya tundu la mwanga, pande mbili zikitazamana. Kosa linalofanywa na upande mmoja, kama vile kupinda kwa mistari iliyonyooka, kwa kiasi kikubwa hufutwa na upande wa pili. Lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 STM ya mwaka 2015 bado ina vipande sita, ina uzito wa gramu 160 hivi, na ilitoka kwa dola 125. Ni wazo la zaidi ya karne moja, limeshanyooshwa na viwanda vimezoea kulitengeneza. Ndiyo maana bei iko chini.

Hata hiyo 50 ilipata nafasi kwa kubanana. Nikon ilipotoa kamera yake ya F mwaka 1959, lenzi yake ya f/1.4 ilikuwa ya milimita 58, kwa sababu zile milimita nane za ziada ziliwapa mafundi nafasi ya kupumua mbele ya kioo. Lenzi za Helios za Kirusi ambazo bado zinazunguka sokoni ni za 58 pia. Na kwa upande wa lenzi pana, zile za namba ndogo zinazoona eneo kubwa, mambo yalikuwa magumu zaidi: Nikon hiyo hiyo ilikuwa na lenzi ya milimita 21 ambayo mkia wake uliingia ndani mno, hivi kwamba kabla ya kuifunga ulipaswa kukiinua kioo na kukiacha juu. Kioo kikiwa juu, kidirisha kinakuwa giza tupu, kwa hiyo ulipachika kidirisha kingine juu ya kamera na kulenga kwa makisio.

Njia ya kutoka hapo ilikuwa imekwisha kuonekana Paris mwaka 1950. Pierre Angénieux alitoa lenzi ya milimita 35 aliyoiita Retrofocus. Aliweka mbele kundi la vipande vya kioo vinavyotawanya mwanga, na nyuma kundi linaloukusanya tena, na kwa njia hiyo picha ikasukumwa nyuma kupita mahali ambapo ingetua. Lenzi ikawa pana na kioo kinachoruka kikabaki na nafasi yake. Tangu hapo karibu kila lenzi pana ya kamera yenye kioo hufuata njia hiyo. Gharama yake ni kwamba pande mbili hazitazamani tena, makosa hayafutani yenyewe, na kila kosa linadai kipande kingine cha kioo kulisahihisha, mara nyingi kipande cha umbo gumu kutengeneza. Zile dola 530 za ziada zimekwenda huko.

Ukilielewa hilo, orodha ya lenzi inaanza kusomeka. Chukua zile za Canon zenye herufi EF-S, zilizoanza mwaka 2003 pamoja na kamera ya 300D. Kamera hiyo ina sensa ndogo, upana wake milimita 22 na ushei badala ya 36, kwa hiyo kioo chake nacho ni kidogo na kinaacha nafasi. Canon wakaitumia nafasi hiyo kuingiza mkia wa lenzi ndani zaidi. Matokeo yake ni lenzi kama EF-S 24mm f/2.8 STM ya mwaka 2014: vipande sita, gramu 125, nyembamba hivi kwamba kamera inaingia kwenye mkoba wa kawaida. Na ndiyo sababu lenzi ya EF-S haifungiki kwenye Canon za sensa kubwa kama 6D au 5D. Kioo cha 5D ni kirefu, kingeugonga mkia huo. Ukiambiwa dukani "itaingia tu, kaka, zungusha kidogo", usizungushe.

Kamera nyingi mikononi mwa wapiga picha wetu ni za sensa ndogo: Canon 700D, 2000D, 80D, Nikon D3500, D5300, D7200. Kwenye kamera hizi 50 inaona eneo jembamba, kama ambavyo 80 ingeona kwenye Canon ya sensa kubwa, au 75 kwenye Nikon ya sensa kubwa. Hili linafaa kupimwa kwa miguu kabla ya kutoa fedha. Ukiwa na Canon ya sensa ndogo na lenzi ya 50, kumpiga mtu mzima amesimama, kichwa mpaka viatu, kamera ikiwa wima, unahitaji kurudi nyuma zaidi ya mita 4. Kwa ile ya 24 unahitaji mita 2 hivi. Nyumba nyingi ambako bibi harusi anapambwa hazina mita 4 za kurudi nyuma, kuna kitanda, kabati na shangazi watatu. Mwenye Nikon ya sensa ndogo ana njia ya kati ambayo mimi naipenda kuliko zote: DX 35mm f/1.8G ya mwaka 2009, gramu 200, ambayo humwenea mtu mzima kwa karibu mita 3 na bei yake ilianzia dola 200.

Lakini kwa nini uitafute f/1.8 wakati lenzi iliyokuja na kamera, ile ya 18-55, tayari inafika 50? Jibu ni tundu. Namba ya f ni mgawanyo: gawa urefu wa lenzi (ile namba yake ya milimita) kwa namba hiyo upate upana wa tundu linalopitisha mwanga. 50 ikiwa f/1.8, tundu lina upana wa milimita 28. Ile 18-55 ukiivuta hadi 50 inaishia f/5.6, na tundu lake ni milimita 9. Eneo la tundu la kwanza ni karibu mara kumi ya la pili. Ukumbini, DJ akishazima taa nyeupe na kubakiza za rangi, 18-55 itakudai 1/20 ya sekunde ambapo 50 ya f/1.8 itaridhika na 1/200 kwa ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) ile ile. Kwa 1/20 maharusi wanaocheza wanakuwa michirizi. Kwa 1/200 unauona mkono wa bwana harusi begani pa mkewe, vidole vyote vitano.

Kuna lenzi za 18-55 zenye kituliza mtikisiko, Canon wanakiita IS na Nikon VR, na watu hudhani kinamaliza tatizo hilo. Kinatuliza mikono yako tu. Anayecheza mbele yako hakimgusi.

Tundu kubwa lina masharti yake. Ukimpiga mtu uso kutoka mita moja na nusu kwa f/1.8, eneo lililo kali lina kina cha sentimita 6 hivi. Macho yakiwa makali, masikio tayari yameanza kulainika. Kwa picha ya uso inapendeza sana. Kwa ukoo uliopangwa mistari mitatu ni balaa: mstari wa mbele safi, wajomba wa nyuma ukungu. Hapo funga tundu hadi f/5.6 au f/8 na uongeze flashi.

Basi kabla ya kuamua, fungua picha zako za miezi ya karibuni kwenye kompyuta na usome taarifa zilizohifadhiwa ndani ya kila faili. Urefu wa lenzi uliotumika umeandikwa humo. Kama nyingi zilizoharibika ni za giza na mtikisiko, tatizo lako ni mwanga, nunua 50 au 35. Kama nyingi ziko kwenye 18 na bado watu wa pembeni wamekatwa, tatizo ni nafasi, na mwenye Canon ya sensa ndogo aangalie EF-S 10-18. Kama nyingi zimegonga 55 na mnyama bado ni nukta, unahitaji lenzi ndefu: 55-250 au 70-300. Kwa Serengeti au Amboseli mchana, f/5.6 inatosha kabisa, jua lipo. Ukitaka milimita 300 kwa f/2.8, rudia ule mgawanyo: 300 kwa 2.8 ni tundu la milimita 107. Kioo kinachoruka hakihusiki hapa. Unalipia kioo kikubwa kuliko kiganja kilichosuguliwa bila dosari, na bei huwa ya maelfu ya dola.

Lenzi za mtumba ni njia nzuri, na sasa zimezidi kuwa nyingi kwa sababu tangu mwaka 2018 Canon na Nikon wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha kuruka, na wapiga picha wengi wanauza za zamani. Kwa sisi wa mwambao, adui mkubwa ni kuvu. Unyevu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja unaiotesha ndani ya lenzi iliyofungiwa kwenye begi. Fungua vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu kwa nyuma, tazama kwa mbele ukiizungusha taratibu. Chembe chache za vumbi hazina shida. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotambaa kutoka ukingoni kama utando wa buibui, irudishe mezani, iwe ya bei yoyote. Kisha vitazame vibamba vya tundu vikifunguka na kufunga: viwe vikavu, visivyo na mafuta.

Kwa Nikon kuna la kukagua zaidi. Lenzi za AF-D, kama 50mm f/1.8D, hazina mota ndani yake, zinategemea mota ya kamera. Kamera za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota hiyo, kwa hiyo fokasi utaizungusha mwenyewe kwa mkono. Tafuta iliyoandikwa AF-S, au AF-P baada ya kuhakikisha kamera yako inaikubali. Na ukipanga kuhamia baadaye kwenye kamera isiyo na kioo, lenzi za Canon EF (zile za sensa kubwa) na EF-S zinafanya kazi na fokasi yake kupitia adapta kwenye EOS R, kamera za Canon zisizo na kioo, ila za EF-S zitatumia sehemu ya katikati tu ya sensa kubwa. Adapta za Nikon za FTZ nazo hazina mota, kwa hiyo AF-D yako itabaki ya kuzungushwa kwa mkono huko pia.