Roki ya progresivu si ya sauti za kiume pekee

Hapa Kampala, wengi wetu tunaosikiliza roki ya progresivu, yaani roki yenye nyimbo ambazo mara nyingi ni ndefu na za mpangilio tata, tumeamini kwamba waimbaji wake wakuu ni wanaume, na wanawake huitikia tu. Imani hiyo inaeleweka, maana bendi zilizovuma zaidi ziliimbwa na wanaume. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, Uingereza ilikuwa na bendi za mtindo huu ambazo mwimbaji wake mkuu ni mwanamke. Tena katika albamu moja mashuhuri ya mwaka 1973, mwanamke anapaza sauti karibu wimbo mzima bila kutamka neno, mara analia, mara ananong'ona. Mimi husisimka kila ninapoisikia. Ukitaka kuhakikisha, soma majina kwenye jalada la albamu uone nani aliimba wapi, kisha sikiliza mwenyewe.