Nyambizi ya uzuiaji wa nyuklia na mamlaka ya kamanda wake

Nyambizi ya uzuiaji wa nyuklia ni manowari ya chini ya maji inayobeba makombora ya masafa marefu yenye vichwa vya nyuklia, na kazi yake kubwa ni kutopatikana. Haifukuzi meli wala haivizii misafara. Inajificha baharini kwa miezi, ili taifa lolote linalofikiria kuishambulia nchi yake lijue kwamba hata likiteketeza miji, kambi na viwanja vya ndege vyote kwa siku moja, zimebaki silaha ambazo halikuzifikia, nazo zitajibu. Adui anazuiwa na hofu ya kisasi hicho.

Wengi huichanganya na nyambizi ya mashambulizi, ile inayowinda meli, kwa kuwa zote mbili huweza kuendeshwa kwa kinu cha nyuklia. Kinu ni injini tu. Nyambizi inaweza kuwa na kinu na isibebe bomu hata moja. Zenye jukumu tunalolieleza hapa ziko katika mataifa sita: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China na India, ambayo nyambizi yake ya INS Arihant iliingia kazini mwaka 2016.

Mfano ulio wazi zaidi ni Uingereza, kwa sababu tangu ilipoyaondoa mabomu yake ya mwisho ya ndege mwaka 1998, silaha zake zote za nyuklia zimebaki nyambizini. Inazo nne: Vanguard, Victorious, Vigilant na Vengeance. Kituo chao ni Faslane, Uskoti, na vichwa vya nyuklia hupakiwa Coulport, jirani na hapo. Kila moja ina urefu wa takriban mita 150, uzito wa karibu tani 16,000 ikiwa imezama, mabaharia wapatao 130, na mabomba 16 ya kurushia makombora ya Trident, ambayo hufika zaidi ya kilomita 7,000. Mabomba hayajazwi yote. Mwaka 2010 serikali ilitangaza kwamba nyambizi iliyo doriani itabeba makombora yasiyozidi 8 na vichwa visivyozidi 40. Mwaka 2021 ikaacha kutangaza hesabu hizo.

Kwa nini nne? Moja iwe doriani, nyingine ijiandae kuipokea, ya tatu iwe mazoezini, ya nne iwe kwenye matengenezo makubwa. Kwa mpango huo Uingereza imekuwa na angalau nyambizi moja baharini bila kukatika tangu Aprili 1969, enzi za makombora ya Polaris yaliyotangulia Trident.

Kujificha ni vita dhidi ya kelele. Maji hupeleka sauti mbali, na pampu iliyolegea au spana iliyoanguka sakafuni inaweza kunaswa na sona ya adui, yaani chombo cha kusikiliza chini ya maji. Ndiyo maana mitambo hukalishwa juu ya vitako vya mpira, ganda la nje hufunikwa vigae vinavyofyonza sauti, na nyambizi hutembea polepole sana: mwendo wa kasi huzalisha mapovu kwenye kisukumio, na mapovu hayo hupiga kelele. Hewa na maji ya kunywa hutengenezwa ndani. Kinachobaki kuwa kikomo ni chakula na uvumilivu wa watu.

Nyambizi hupokea ujumbe lakini haijibu, kwani kujibu kwa redio ni kujitangaza ilipo. Makao makuu ya Northwood, kaskazini-magharibi mwa London, hutuma kwa mawimbi marefu sana, yanayopenya maji ya chumvi kwa mita kadhaa tu. Kwa hiyo nyambizi huburuta waya mrefu unaoelea karibu na uso wa maji huku yenyewe ikibaki chini. Hata jumbe za familia ni za upande mmoja. Baharia hupata maneno machache kwa wiki, na habari ya msiba inaweza kuzuiwa hadi doria iishe.

Sasa kamanda. Kabla ya kukabidhiwa nyambizi yoyote hupita kozi iliyoanza mwaka 1917, maarufu kwa jina la Perisher. Mwanafunzi husimama kwenye periskopu, darubini ya kutazama juu ya maji, huku meli za kivita zikimjia kwa kasi kutoka pande kadhaa. Anatakiwa akumbuke kila moja iko wapi na ajue kwa sekunde ni lini lazima azame. Mwalimu akiona usalama umepotea, humtoa. Aliyeshindwa hutolewa nyambizini, na hapewi nafasi ya pili.

Mamlaka ya kuamua kurusha si ya kamanda. Ni ya waziri mkuu. Amri ikifika, maofisa wawili huifungua na kuilinganisha na misimbo iliyofungiwa ndani ya sefu. Ikithibitika, nyambizi hupanda hadi kina cha kurushia na kutulia karibu bila mwendo. Kamanda hutoa ruhusa kwa ufunguo wake, na ofisa wa silaha, katika chumba kingine, hubana kifyatulio chenye mpini kama wa bastola. Hakuna anayeweza kurusha peke yake. Shinikizo la gesi husukuma kombora hadi nje ya maji, na injini yake huwaka likiwa tayari hewani. Bomba hujaa maji mara moja, na wahandisi husawazisha uzito ili nyambizi isipande wala kuzama ovyo.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Mfumo wa Uingereza hauhitaji namba ya siri kutoka nchi kavu ili kombora lifunguke. Marekani iliweka kufuli za aina hiyo kwenye nyambizi zake miaka ya 1990. Ulinzi wa Waingereza ni watu na taratibu zao, na ndiyo sababu uteuzi wa kamanda ni mgumu kiasi kile.

Je, serikali yote ikiwa imeangamia? Kila waziri mkuu mpya huandika kwa mkono barua nne zinazofanana, moja kwa kila nyambizi, kumweleza kamanda la kufanya. Hufungiwa kwenye sefu iliyo ndani ya sefu nyingine. Waziri mkuu akiondoka, huteketezwa bila kusomwa.

Hitilafu zipo. Februari 2009 Vanguard iligongana chini ya Atlantiki na Le Triomphant ya Ufaransa: zote mbili kimya, hakuna iliyoisikia nyenzake. Majaribio ya kurusha ya 2016 na Januari 2024 yalishindwa. Lakini tatizo zito zaidi ni uchakavu. Nyambizi hizi ziliingia kazini kati ya 1993 na 1999, zikikusudiwa kudumu miaka 25. Matengenezo ya Vanguard yaliyoanza mwishoni mwa 2015 yalikwisha 2023, na moja ikikwama bandarini, iliyo baharini haipati wa kuipokea. Doria zilizozoeleka kuwa za miezi mitatu sasa huzidi mitano, na itakuwa hivyo mpaka nyambizi mpya za Dreadnought zianze kuingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 2030.