Charyapada: nyimbo za mafumbo zilizotangulia fasihi ya Kibengali

Charyapada, ushairi mkongwe kuliko wote wa Kibengali, haukupatikana Bengal, eneo la mashariki mwa India na Bangladesh. Mwaka 1907 mwanazuoni Haraprasad Shastri aliukuta Kathmandu, Nepal, katika maktaba ya kifalme: hati ya majani ya mtende yenye nyimbo za masidha, walimu wa Kibudha waliofuata njia ya siri, pamoja na maelezo ya mfafanuzi Munidatta kwa Kisanskriti. Aliichapisha Kolkata mwaka 1916. Nyimbo kamili zilikuwa 46 na kipande cha moja. Baadhi ya majani yalishapotea, lakini yaliyomo yalijulikana baadaye kupitia tafsiri ya kale ya Kitibeti.

Wataalamu wengi huziweka nyimbo hizi kati ya karne ya 8 na ya 12. Kila moja imetajiwa raga yake, yaani mtindo wa lahani wa muziki wa Kihindi, kwa hiyo zilikuwa za kuimbwa.

Usomaji wake ni wa ngazi mbili. Katika wimbo wa 14, mwanamke wa tabaka la chini anavusha watu kwa mtumbwi kati ya Ganga na Yamuna, wala hatozi hata kauri moja, simbi lililotumika kama fedha. Aliyefundwa husikia jambo jingine: mito ile ni mishipa miwili ya pumzi, kushoto na kulia, na ukombozi hupita katikati. Bhusukupa, mmoja wa masidha hao, naye anamwimba paa ambaye nyama yake mwenyewe ndiyo adui yake. Paa huyo ni akili ya mwanadamu.

Mimi huvutiwa zaidi na ngazi ya chini, ile ya maisha ya kila siku. Sidha mwingine, Dhendhanapa, analalamika kwamba anakaa mlimani bila jirani, chunguni hamna wali, na wageni hawakatiki. Ni fumbo, sawa, lakini halitungwi na mtu asiyeijua njaa. Waendesha mitumbwi, wasusi wa vikapu na wapika pombe wamejaa humu, watu ambao ushairi wa mabaraza ya wafalme haukuwajali sana.

Waassam, Waodia na Wamaithili, watu wa lugha jirani na Kibengali, nao hudai kuwa nyimbo hizi ni zao. Mwanaisimu Suniti Kumar Chatterji alitetea Ubengali wa nyimbo hizi mwaka 1926 kwa hoja za sarufi, na hoja zake ni nzito. Hata hivyo wadai wengine hawajakosea sana, kwa kuwa wakati huo lugha za mashariki mwa India zilikuwa bado hazijaachana kabisa. Huko Kathmandu, Wabudha wa Kinewari, wenyeji wa bonde hilo, wanaimba nyimbo za aina hii, za charya, mpaka leo katika ibada zao.