Kuvu ya vyura: kwa nini kumwaga dawa mtoni si jibu

Kuvu inayoua vyura iko Kenya tayari. Utafiti mpana uliochapishwa mwaka 2010 uliikuta katika sehemu nyingi za nchi, kwenye ngozi za vyura walioonekana wazima kabisa, na haukukuta dalili za vifo vya halaiki. Jina lake la kisayansi ni Batrachochytrium dendrobatidis. Sisi tunaoishughulikia tunasema kitridi tu. Naanzia hapa kwa sababu wengi wakisikia habari zake hudhani kazi yetu ni kuizuia mpakani. Mpaka ilishauvuka zamani. Kazi iliyobaki kwetu Nairobi ni kuhakikisha haigeuki kuwa mlipuko, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Chura hunywa maji kwa ngozi, hupumua kwa ngozi, na hupitisha sodiamu na potasiamu kwa ngozi hiyo hiyo. Kitridi huishi kwenye tabaka la juu lenye keratini, protini ngumu kama ya kucha. Ikikomaa hutoa spora, yaani mbegu ndogo mno za kuvu, zenye mkia, ambazo huogelea hadi kwa chura mwingine au hurudi kumshambulia yule yule. Ngozi huharibika na kuwa nene, chumvi za damu hushuka, na mwishowe moyo husimama. Kiluwiluwi ana keratini mdomoni tu, kwa hiyo huambukizwa na kwa kawaida hafi. Huibeba kuvu hadi anapoota miguu na ngozi yake kubadilika, na hapo ndipo wengi huangamia.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoitazama kwanza nikipigiwa simu kwamba vyura wanakufa kando ya mto. Ukikuta samaki, viluwiluwi na wadudu wa maji wamekufa pamoja, hapa mjini mara nyingi ni maji taka au kemikali. Lakini ukikuta viluwiluwi wanaogelea kama kawaida, huku vyura wadogo waliotoka majini juzijuzi wamelala ukingoni mchana kweupe, miguu imetanuka, na ukiwalaza chali hawajipindui, basi jambo la kitridi lichukulie kwa uzito.

Uchambuzi wa kimataifa wa mwaka 2019 ulitaja spishi 501 zilizopungua kwa sababu ya ugonjwa huu, na 90 kati yake zinadhaniwa kuwa zimetoweka porini. Australia na Amerika ya Kati na Kusini ndizo zilizoumia zaidi. Ushahidi wa vinasaba unaonyesha kuvu hii ilianzia Asia Mashariki, na biashara ya wanyama ndiyo iliyoisambaza. Anayeuliza vyura watamsaidia nini aangalie Costa Rica na Panama: watafiti wamehusisha kutoweka kwa vyura huko na ongezeko la malaria katika miaka iliyofuata. Vyura na viluwiluwi wakipungua, mbu hupata nafasi.

Wakati mmoja tukichukua sampuli usiku msituni Karura, hapa Nairobi, askari wa msitu aliyekuwa ametushikia tochi aliniuliza, "Daktari, kama mnajua ipo, si mmwage dawa mtoni tumalizane nayo?" Ni swali zuri, na jibu lake lilikuwa mkononi mwangu: kijiti cha pamba cha kuchukulia sampuli.

Kwa kila chura unavaa glavu mpya. Unamshika kwa mapaja, unapitisha kijiti cha pamba tumboni mara tano, ndani ya kila paja mara tano, kisha kwenye nyayo na utando wa katikati ya vidole. Unakivunja kijiti ndani ya kichupa chenye namba, na chura anarudi pale pale alipotoka. Maabara hukipima kwa PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kuvu. Kipimo hicho hakiishii kusema kuvu ipo au haipo. Kinakadiria ni kiasi gani. Mzigo huo, yaani wingi wa kuvu kwa kila chura, ndio unaoamua. Katika milima ya Sierra Nevada kule California, vyura walianza kufa kwa wingi mzigo ulipofikia takriban spora 10,000 kwa chura. Chini ya hapo waliishi nayo. Kwa hiyo nilimwambia askari yule kwamba sihitaji mto usio na kuvu hata chembe. Nahitaji mto ambao vyura wake hawafiki kiwango hicho.

Dawa yenyewe ipo. Inaitwa itrakonazoli, na kwenye beseni la maabara inafanya kazi vizuri sana. Imewahi kufanya kazi porini pia, katika kisiwa cha Mallorca, Uhispania. Huko kitridi ililetwa na vyura waliozalishwa kizuizini ili kuokoa spishi hiyo hiyo, jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Watafiti waliwakusanya viluwiluwi, wakawaogesha kwa dawa, wakakausha mabwawa, wakawarudisha. Kuvu ikarudi. Walifaulu tu walipoongeza dawa kali ya kuua vijidudu kwenye mawe na nyufa za mabwawa yenyewe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Yale yalikuwa mabwawa madogo ya mawe, machache, yaliyotengana. Mto Karura unaingia mito mingine, una spishi kadhaa za vyura, na watu wanautumia huko chini. Ukimwaga dawa humo utaua kuvu wanaoozesha majani na kuwadhuru viumbe wengine, na mvua ya kwanza itakuletea kitridi upya kutoka juu. Mimi siwezi kuliunga mkono jambo hilo hata likipata fedha.

Somo lililo karibu nasi zaidi liko Tanzania. Vyura wa Kihansi waliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya maji, katika eneo dogo mno bondeni. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji yalipungua kwa takriban asilimia 90, na ikabidi kuwekwe mitambo ya kunyunyiza maji. Mwaka 2003 idadi yao ilianguka ghafla, na kitridi ikapatikana kwenye vyura waliokufa. Wataalamu bado wanabishana kuvu ilichangia kiasi gani na maji yaliyoharibika yalichangia kiasi gani. Kwa maoni yangu, kuvitenganisha vitu hivyo viwili hakutusaidii sana, kwa kuwa chura aliyenyang'anywa manyunyu ana nguvu ndogo ya kupambana na maradhi. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Waliokolewa na wenzao 499 waliokuwa wamepelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000, na kuanzia mwaka 2012 vizazi vyao vikaanza kurudishwa bondeni.

Nairobi ina hali ya hewa inayoipendeza kitridi. Hustawi kwenye nyuzi 17 hadi 25 hivi, na ikipita 28 inaanza kushindwa. Ndiyo maana miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ndiyo ninayoipa uzito katika ratiba ya sampuli, na ninarudi mahali pale pale msimu wa joto ili kulinganisha. Ndiyo maana pia nafurahia kazi ya wenzetu wa Australia iliyochapishwa mwaka 2024. Waliweka matofali yenye matundu ndani ya vibanda vinavyoshika joto la jua, vyura wakaingia wenyewe, mzigo wa kuvu ukapungua, na waliopona wakawa na kinga zaidi waliporudi kwenye baridi. Kwenye kidimbwi cha bustani, matofali machache juani ni jambo linalostahili kujaribiwa hapa kwetu.

Lakini kubwa kuliko yote ni matope. Spora haziwezi kustahimili kukauka, ila kwenye maji ya ziwa yaliyouliwa vijidudu, chini ya uangalizi wa maabara, kitridi imeishi hadi wiki saba. Gambuti zilizotoka kinamasi cha Ondiri zikiwa na tope, zikaingia Karura jioni hiyo hiyo, ni gari la kuvu. Sugua tope kwanza, maana dawa haipenyi tope. Kisha tumia jiki, mbali na mto kwa sababu inaua viluwiluwi, suuza, anika juani hadi zikauke kabisa. Wafugaji wa samaki nawaomba jambo moja: mkinunua vifaranga, msimwage maji waliyokuja nayo kwenye kijito, na kiluwiluwi aliyejificha humo msimwachilie huko.

Na ukikuta vyura kadhaa wamekufa mahali pamoja, piga picha, andika mahali na tarehe, angalia kama samaki na viluwiluwi wako hai, kisha wajulishe KWS (Shirika la Wanyamapori Kenya) au kitengo cha wanyama watambaao na amfibia cha Makumbusho ya Taifa siku hiyo hiyo. Kitridi haimwambukizi binadamu, lakini usiwahamishe walio hai kwenda mto ulio safi zaidi ukidhani unawaokoa. Mzoga wa chura huoza haraka, na ukishaoza ni vigumu kujua ni nini kilichomwua.