Maji ya mgodi yanang'aa? Hapo ndo uogope

Nimeambiwa tena wiki hii, na mtu mwenye cheo chake kwenye mgodi wa makaa ya mawe upande wa Tanzania: "Mzee, hebu angalia maji yetu, unaona mpaka changarawe za chini, sasa unapima nini?" Mi natokea Kasese, Uganda, kazi yangu ni kupima maji ya machimbo, na hilo neno nimeshalisikia mpaka nimechoka. Wanakijiji nawaelewa, lakini wewe uliyeajiriwa kulinda huo mto?

Sikilizeni. Ndani ya makaa na kwenye miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna pairaiti, yaani chuma na salfa vimeshikana. Ikiwa imefukiwa chini imetulia zake, lakini ukiichimbua ikakutana na hewa na maji inatoa asidi, ile ile jamii ya asidi ya betri, na kuna bakteria wanaozidi kuiharakisha. Hiyo asidi inayeyusha chuma, aluminiamu na manganizi kutoka kwenye mawe, na kitu kikishayeyuka hukioni, weka chumvi kwenye glasi uone. Tope nalo linashikana linazama, mwani hauoti, samaki hakuna, ndo maana maji yanang'aa hivyo! Mto wenye uhai haukosi uteleziuteleze kwenye mawe. Ile rangi ya kutu inakuja kutokea huko chini, maji yakishachanganyika na ya mto, asidi ikapungua na chuma kikaganda, na kwa sababu ni mbali na geti la mgodi wanasema si sisi.

Na wanaonunua kipimo cha pH, kile cha kupima ukali wa asidi (7 ni kati, namba ikishuka asidi imezidi), wakaridhika nao wasikilize. pH 4 ina asidi mara 1000 kuliko pH 7, kwa hiyo usiseme "imeshuka kidogo tu". Halafu pale ambapo miamba ina chokaa ya asili, asidi inamalizwa humo humo ardhini, pH inasoma vizuri kabisa lakini salfeti, yaani chumvi inayobaki kutokana na hiyo asidi, iko juu, na migodi mingine ya makaa hutoa seleniamu, elementi yenye sumu ikizidi, inayoharibu vifaranga vya samaki. Ndiyo maana kila siku nasema nunueni kipimo cha kondaktiviti, yaani cha kupima maji yanavyopitisha umeme, kinaonyesha jumla ya vilivyoyeyuka, chovya dakika moja tu, pima mto kabla haujafika mgodini na ukishaupita, linganisha. Ukiwa na hela ya kifaa kimoja tu nunua hicho.

Wengine wanasema tutachemsha, au tutatia vidonge vya klorini. Hivyo vinaua vijidudu basi, chuma na manganizi vinabaki pale pale na ukichemsha sana unavikoleza.

Bwawa la kutulizia? Linashusha tope. Kilichoyeyuka kinapita juu kama kawaida, mpaka utie chokaa kwanza, na manganizi inataka pH ya karibu 9 au zaidi ndo itoke. Halafu ule uchafu unaobaki chini una kazi yake, lazima uuzoe na uwe na pa kuuweka.

"Mgodi umefungwa, yameisha." Aliyesema hivyo aje kwetu. Kilembe, mgodi wetu wa pale Kasese, ilikuwa shaba, si makaa, lakini pairaiti ni ile ile, uchimbaji ulisimama 1982 na mabaki bado yako kando ya mto Nyamwamba, mafuriko ya 2013 na 2020 yamepita humo humo, na lile rundo la pairaiti lililokuwa karibu na mji lilioshwa na mvua miaka mingi kuelekea mbuga ya Queen Elizabeth, palipopita majani yakafa. Watu wanateka maji pale na jerikani, watoto wanaoga.

Cheti cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, nacho ni ruhusa yenye masharti, ukikipata ndo kazi inaanza.

La mwisho ni la sampuli. Kiangazi chote ile asidi inakauka juu ya mawe inakuwa unga mweupe au wa njano, mvua ya kwanza ikinyesha unayeyuka wote kwa mpigo unaingia mtoni. Kwa hiyo mtu wako alale pale na chupa zake, achote mvua ikianza, achote tena baada ya saa moja, aandike saa. Hayo ndo maji nayotaka kwenye ripoti, siyo yale ya katikati ya kiangazi.