"Weka kitu ya Kiafrika hapo": dhana potofu zinazonichosha kwa kazi ya dizaini

Kazi yangu ni kudizaini kafe, maduka na hoteli hapa Nairobi, na hii sentensi ya "weka tu kitu ya Kiafrika hapo" nimeisikia mpaka imenifika shingoni. Ukimuuliza klayenti kitu gani, anakwambia kitenge kitenge hivi na maski mbili tatu ukutani. Wacha niseme ninachojua.

"Kitu ni chetu kikiwa kimezaliwa hapa na hakijawahi kuguswa na mgeni"

Hii ndio inanichosha kuliko zote, na inakuja na sura mbili. Kuna yule anataka kitenge kila mahali, ukutani, kwa menyu, kwa aproni za mawaita, juu anaamini ndio kitambaa cha mababu. Alafu kuna yule amesoma mahali kwamba kitenge ni cha Waholanzi, sasa amekasirika, anataka kitolewe chote tuweke kitu "safi". Wote wawili wamekosea pale pale.

Ukweli wa kitenge ni kwamba Wazungu waliiga batiki ya Java wakaanza kuichapa kwa mashine huko kwao, na Vlisco, kampuni inayojulikana sana kwa vitambaa hivi, ilianzishwa Helmond, Uholanzi, mwaka 1846. Indonesia haikuvishangilia sana, Afrika Magharibi ndio ilivipokea, na wanawake wa sokoni kule ndio wakawa wanaamua rangi gani inauzika na mchoro gani unaitwaje, mpaka wenye viwanda wakawa wanawasikiliza. Kwa hivyo ndio, kimetoka nje, na ndio, ni cha Kiafrika, manake waliokipa majina na siku za kukivaa ni Waafrika. Swali langu ni lingine: kwa hiyo kafe yako ya Kilimani, hicho kitenge kinasema nini kuhusu watu wa hapa? Mara nyingi klayenti hana jibu, amekipenda tu juu kina rangi nyingi.

Sasa chukua leso, ile wengine wanaiita kanga. Ilianza pwani yetu na Zanzibar kwenye nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake walikuwa wananunua vitambaa vya mkononi vilivyoletwa na biashara ya baharini wanaviunganisha kwa sindano mpaka inakuwa nguo, baadaye ikawa inachapwa Ulaya, India, Japani, na Uchina. Kaderdina Hajee Essak alifungua biashara Mombasa mwaka 1887 na ile alama ya "Mali ya Abdulla" bado inajulikana hadi leo. Angalia basi, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, viwanda vya ng'ambo, na bado hutapata kitambaa cha Kiswahili kuliko leso. Ni kwa sababu ya vile imepangwa na vile inatumika. Pindo inazunguka pande zote nne, katikati kuna mji, na sehemu ya chini ya mji kuna jina, yale maneno. Kwa jina ndio kuna kazi. Mama hasimami dukani kuangalia rangi peke yake, anafunguliwa doti (leso mbili pamoja) moja baada ya nyingine anasoma, hii ya kumpa dada, hii ya kumjibu jirani bila kufungua mdomo, na ukimpelekea mama mkwe leso yenye jina la mafumbo, hata mji wake upendeze aje, umejitafutia maneno ya mwaka mzima.

Halafu dizaina wa haraka anachukua hiyo leso anampa fundi ashone mito ya sofa, fundi anakata ule mraba wa katikati juu ndio umekaa vizuri, jina linaenda na mabaki. Ama mto unabaki na nusu ya maneno, "Japo sipati tam" alafu mshono. Nimeona hivyo kwa lobi za hoteli na inaniuma kweli kweli, juu mtu wa Mombasa akikaa hapo anajua saa hiyo hiyo kwamba aliyepamba hakusoma alichonunua. Ushauri wangu, na huu nautoa hata bila kuulizwa: soma jina kabla ya kushika mkasi. Kama unataka mto, pima utoshe jina lote na kipande cha pindo. Kama haitoshi, tundika leso nzima ukutani uiache hivyo.

Shanga za Kimaasai ni hivyo hivyo. Zile za kioo zililetwa na wafanyabiashara, nyingi zikitoka Bohemia, ambayo leo ni Ucheki, na kabla yake watu walitumia mbegu, mifupa, udongo na chuma. Cha Kimaasai hapo ni mkono wa wanawake wanaozitunga na mpangilio wa rangi, ambao unatofautiana kutoka sehemu moja ya Umaasai hadi nyingine. Kwa hivyo ukipanga rangi kwa kompyuta vile zimekufurahisha wewe alafu unaandika kwa menyu ati ni "urithi wa Wamaasai", hapo hakuna urithi. Kaa na mama anayetunga, umlipe muda wake, akwambie rangi gani inakaa na gani.

"Sanamu za Wakamba ni za tangu enzi za mababu"

Wakamba walichonga viti, vijiko na mizinga tangu zamani, sawa. Lakini hii biashara ya sanamu inahesabiwa kuanza na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ina miaka kama mia, na familia zimesomesha watoto nayo. Inatosha kabisa kuitwa yao. Na zile maski, jamii nyingi za Kenya hazina utamaduni wa maski za kuchonga, mitindo mingi unayoiona Soko la Maasai ni ya Afrika Magharibi na Kongo. Usinitume.

"Wajapani walituibia kiondo"

Hii kila mtu anaisema, ati Wajapani walichukua hataza ya kiondo, yaani patent. Hataza inapewa kitu kipya, na ina nguvu ndani ya nchi ilikosajiliwa tu, hakuna hataza ya Japani inayoweza kumzuia mama wa Machakos kusuka. Kilichotokea kweli ni kampuni ya Uingereza kujaribu kusajili neno "Kikoy" kama alama yake ya biashara, watu wakapinga, ikaachana nayo. Na tangu 2016 tuko na sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Kinachonikasirisha ni yule anayelia Wajapani asubuhi, mchana yuko Kariokor anamshusha mama bei ya kiondo alichokisuka siku kadhaa.

"Sanaa ya kisasa ni mambo ya wazungu"

Mchoraji Elimo Njau na wenzake walifungua jumba la sanaa la Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950, anafinyanga vyungu kwa mkono bila gurudumu, na mengi alijifunza kwa akina mama wafinyanzi wa Abuja. Wangechi Mutu, wa hapa hapa pia, sanamu zake za shaba zilisimama mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York mwaka 2019. KICC, lile jumba la mikutano katikati ya Nairobi, ilichorwa na David Mutiso pamoja na Karl Henrik Nøstvik wa Norway, ikakamilika 1973, leo iko kwa kila noti mpya mfukoni mwako na sijasikia mtu akisema si yetu. Na matatu je? Zile rangi zilipunguzwa sana na sheria za 2004 za mstari wa manjano, zikarudi, na ukiweka picha ya matatu ya Rongai popote duniani mtu wa Nairobi ataitambua kabla hajasoma namba.

Kwa hivyo ukiniletea kazi, usianze na picha za Pinterest. Niandikie wateja wako ni akina nani, wanatoka mitaa gani, wanakula nini hapo na wanakaa muda gani. Kitambaa tutaenda kukitafuta pamoja Biashara Street, na wewe ndio utasoma majina.