Kinga baada ya kuumwa na mbwa: ni nini, na inafanyaje kazi

Mtu akiumwa na mbwa, wote waliomzunguka husema neno moja: sindano. Wana haki ya kusema hivyo, ila kinga ya kichaa cha mbwa inayotolewa baada ya kuumwa ni pana kuliko sindano. Ni mambo matatu yanayokwenda pamoja: kuosha jeraha, kuchanjwa na, kwa majeraha mabaya, kupewa kingamwili (protini zinazopambana na kirusi) zilizo tayari. La kwanza halimngoji daktari, wala halina gharama zaidi ya kipande cha sabuni, na bado watu wengi hulipita mbio wakitafuta usafiri wa kwenda hospitali.

Kirusi cha kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Meno yakipasua ngozi, kirusi huingia kwenye nyama, kikapenya mishipa ya fahamu, na kupitia humo hupanda taratibu kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu. Inaweza kuwa wiki moja tu, au ikakaribia mwaka. Aliyeumwa usoni, shingoni au kwenye vidole yuko kwenye hatari kubwa zaidi, kwa sababu sehemu hizo zina mishipa mingi ya fahamu, na uso na shingo viko jirani na ubongo. Kirusi kikishafika huko na dalili zikaanza (kuwashwa au ganzi pale palipoumwa, homa, kuogopa maji, kuweweseka, au kupooza), hakuna tiba ya kutegemewa na mgonjwa karibu kila mara hufa. Inakadiriwa kuwa watu 59,000 hufa hivyo kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia.

Kwa hiyo kinga hii hutumia ule muda ambao kirusi bado kiko njiani. Chanjo nyingi hutolewa kabla ya ugonjwa kuingia. Hii inafaa hata baada ya jino kuingia, kwa sababu mwili uliochanjwa mapema huwahi kujijengea ulinzi kirusi kabla hakijafika ubongoni. Louis Pasteur alilitegemea jambo hilo tarehe 6 Julai 1885 jijini Paris, alipoanza kumchanja Joseph Meister, mvulana wa miaka 9 aliyekuwa ameumwa siku mbili nyuma. Mtoto yule alipona.

Sasa turudi kwenye sabuni. Fungua bomba, au mwombe mtu akumiminie maji kwa kata, uoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Angalia saa, usikisie. Povu liingie hadi ndani ya matundu ya meno, hata kama panauma na mtoto analia. Sabuni huharibu gamba la nje la kirusi, na maji hukiondoa kabla hakijaingia kwenye mishipa ya fahamu. Ukimaliza, paka ayodini au spiriti kama ipo. Usipake mafuta ya taa, majivu, pilipili wala dawa ya meno, na usikaze kitambaa juu ya kidonda. Hata hospitalini, jeraha la mbwa kwa kawaida haliharakishwi kushonwa.

Kisha nenda siku hiyohiyo. Wapo wanaoogopa kwa sababu wamesimuliwa habari za sindano nyingi za tumboni. Hizo zilikuwa chanjo za zamani. Chanjo ya sasa huchomwa kwenye bega, na kwa mtoto mdogo kwenye paja. Ratiba hutofautiana: ikichomwa kwenye msuli, mara nyingi ni siku ya 0, 3, 7, 14 na 28, au ratiba iliyofupishwa; ikichomwa kidogokidogo kwenye ngozi sehemu mbili, inaweza kuwa siku ya 0, 3 na 7 tu. Siku ya 0 ndiyo siku ya sindano ya kwanza, na hapa wengi hukosea hesabu. Ukianza Jumatatu, siku ya 3 ni Alhamisi, na siku ya 7 ni Jumatatu inayofuata. Mwombe muuguzi akuandikie tarehe zote kwenye kadi kabla hujaondoka. Mjamzito huchanjwa, anayenyonyesha huchanjwa, mtoto mchanga huchanjwa. Ulizia pia sindano ya pepopunda.

Zile kingamwili ni kwa mwenye jeraha lililotoboa ngozi, au aliyelambwa kwenye kidonda, machoni au mdomoni. Huchomwa ndani na pembeni ya jeraha lenyewe, zikabane kirusi wakati mwili unasubiri nguvu ya chanjo. Ni ghali na hospitali nyingi hazina. Zisipopatikana, usiahirishe chanjo kwa ajili yake. Jeraha lililooshwa vizuri na chanjo iliyoanza mapema huokoa watu wengi.

Na mbwa je? Kama ana mwenyewe na anaonekana mzima, afungwe mahali salama na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, mate yake hayakuwa na kirusi siku alipouma, na daktari anaweza kusitisha chanjo. Lakini chanjo inaanza kwanza, uangalizi unaendelea huku. Mbwa akifa au akiuawa, mwiteni afisa mifugo na msimponde kichwa, kwa maana kipimo hufanywa kwenye ubongo. Usidanganywe na umri wala upole: kitoto cha mbwa kinaweza kuwa na kichaa.

Watoto wanahitaji jicho la karibu. Kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, karibu 4 ni watoto wa chini ya miaka 15, na wengi huficha kwa kuogopa kugombezwa kwamba walimchokoza mbwa. Alama mbili ndogo kwenye kifundo cha mguu, zilizofichwa na soksi ya shule, zinatosha kupitisha kirusi. Mtoto ajue mapema, kabla ya siku ya kuumwa, kwamba akisema hatachapwa.

Na aliyeumwa wiki iliyopita, au mwezi uliopita, na hakuchanjwa, asiseme muda umekwisha. Maadamu dalili hazijaanza, hospitali itamhudumia kama aliyeumwa leo. Aende leo.